Askari wa e5 ana bei yake: kwa msomaji aliyepigwa na Shambulizi la Marshall

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mwalimu, nacheza kete nyeupe na huanza kwa e4. Kwenye mashindano, duru ya tatu, mpinzani alinitolea askari hatua ya nane kwa d5. Nilimla. Alipoleta farasi g4 nikamla naye kwa askari wangu wa h, na hatua nne baadaye malkia wangu alikuwa ameshakwenda. Rafiki yangu ananiambia nikariri mchezo wa Capablanca na Marshall wa mwaka 1918, eti ulishamaliza kila kitu. Nikariri, au niachane na ufunguzi wa Kihispania? Na ni kweli Marshall aliuficha mtego ule miaka tisa?"

Ndugu yangu, kwanza pole. Karatasi yako ya hatua nimeipitia mara mbili. Usichokijua ni kwamba hadi hatua ya kumi na tatu ulikuwa umecheza sawasawa na Capablanca, kete kwa kete, na mpinzani wako sawasawa na Marshall. Mkaachana hatua ya kumi na nne. Kwa hiyo hatuna haja ya kutafuta mahali pa kuanzia.

Niweke mchezo mezani, na usome ukiwa na ubao mbele yako. Nitatumia herufi zile zile za karatasi ya mashindano: N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme; x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme kujificha upande wake pamoja na ngome, na nukta tatu kabla ya hatua maana yake ni hatua ya weusi.

New York, Oktoba 1918. Weupe José Raúl Capablanca, weusi Frank Marshall. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5. Huu ndio ufunguzi wa Kihispania, unaobeba jina la Ruy López, padri aliyeandika kitabu chake cha sataranji mwaka 1561. 3...a6 4.Ba4 Nf6 5.O-O Be7 6.Re1 b5 7.Bb3 O-O 8.c3. Hapo watu wengi wangesogeza d6 na kujipanga polepole. Marshall akasukuma 8...d5, na hilo ndilo linaloitwa Shambulizi la Marshall: weusi wanamtoa kafara askari wa e5 ili wapate mashambulizi. Ikaendelea 9.exd5 Nxd5 10.Nxe5 Nxe5 11.Rxe5 Nf6 12.Re1 Bd6 13.h3 Ng4.

Simama hapa, kwa sababu jibu langu lote liko kwenye picha hii.

Weupe wana askari mmoja zaidi. Sasa tazama bei yake. Ngome ya weupe imekwenda e1, ikala e5, ikarudi e1: hatua tatu, na iko pale pale ilipokuwa hatua ya sita. Farasi wa f3, yule mlinzi wa h2 na h4, hayupo tena. Alikwenda kumla askari wa e5 naye akaliwa. Kisha hesabu kete za weupe ambazo hazijatoka nyumbani. Ngome ya a1, farasi wa b1, askofu wa c1, malkia wa d1. Kete nne. Farasi wa b1 angependa kutokea c3, lakini askari wako mwenyewe amekaa hapo. Askofu wa c1 amezibwa na askari wa d2. Sasa geuza ubao. Askofu wa weusi yuko d6 anachungulia h2, farasi yuko g4, njia ya malkia kwenda h4 iko wazi, na yule askofu wa pili, hata akiwa bado c8, tayari anaipiga miraba ya g4 na h3 bila kusogea.

Yaani upande wa mfalme wako watu wanne wanabisha hodi na ndani yupo mfalme na askari watatu. Wenzao wamelala chumba cha pili.

Wewe ukiwa hapo ukaona farasi amekaa mdomoni mwa askari wa h. Ukamla. 14.hxg4 Qh4. Sasa kuna Qh2+ inakuja, ukaogopa, ukaweka 15.g3. Akapiga 15...Bxg3 16.fxg3 Qxg3+ 17.Kh1 Bxg4. Malkia wako wa d1 ameshambuliwa na askofu. Ukimkimbizia c2, askofu anatua f3 na mfalme wako hana mraba wa kukanyaga. Ukampoteza malkia. Na usijilaumu sana kwa 15.g3. Hata kama ungemleta malkia f3 wakati huo, 15...Bh2+ 16.Kf1 Bxg4 ingekufikisha pabaya vilevile. Kosa lilikuwa 14.hxg4 yenyewe: ulikula kete ya pili kabla ya kulipa deni la ile ya kwanza.

Capablanca alicheza 14.Qf3. Tazama kazi ya hatua hii moja. Malkia anakaa kwenye mraba ule ule ulioachwa na farasi mlinzi. Anailinda f2. Anaipiga ngome ya a8, ambayo haina anayeilinda, na farasi wa g4 bado ametishwa na askari wa h3. Kati ya zile kete nne zilizolala, moja imeamka, tena imeamkia mahali penye moto.

Marshall hakurudi nyuma. 14...Qh4. Kwa mchezaji mwenye njaa, hapa ndipo pa kuaibikia: 15.Qxa8 inampa ngome nzima, na jibu ni 15...Qxf2+ 16.Kh1 Qxe1 chekimeti. Kula farasi kwa 15.hxg4 kunaangukia kwenye ile Bh2+ niliyokutajia.

Ipo njia nyingine inayovutia zaidi, na hii nataka uichezee kwa mikono yako: 15.Re8. Inaonekana ya kishujaa. Ngome imeingia ndani kabisa, na weusi wakiila, malkia anaingia f7. Lakini weusi wanajibu 15...Bb7, 16.Rxf8+ Rxf8 17.Qxg4 na sasa 17...Re8. Malkia wa weusi amebaki h4 bila mlinzi, mle ukitaka. Ukimla, ngome inashuka e1 na mchezo umekwisha: mfalme wako hawezi kwenda h2 kwa sababu ya askofu wa d6, na mstari wa kwanza hauna wa kujitokeza kuziba. Angalia nani anatazama mauaji hayo akiwa amekaa kitako. Ngome ya a1, farasi wa b1, askofu wa c1. Wote watatu hai, wazima, hawajaguswa.

Kwa hiyo Capablanca akacheza 15.d4. Hatua ya kawaida kabisa, inamfungulia askofu wa c1 mlango. Ubao unawaka moto, ngome ya bure iko a8, farasi wa bure yuko g4, naye anasogeza askari ili kete iliyolala ipate pa kutokea. Hiyo ndiyo hatua ninayowapa wanafunzi wangu waitazame muda mrefu kuliko kafara zote zilizofuata.

Marshall akaendelea 15...Nxf2. Ukimla kwa malkia, 16.Qxf2, weusi wana 16...Bh2+ 17.Kf1 Bg3 na malkia yumo matatani. Mpangilio una maana hapa. Kama weusi wangekimbilia 16...Bg3 bila kutoa cheki kwanza, weupe wangepiga 17.Qxf7+, na ngome ikila, 18.Re8 ni chekimeti. Mfalme akiwa f1, ujanja huo haufai tena, kwa kuwa ngome inapokula f7 inatoa cheki yenyewe. Hatua moja katikati inageuza mshindi kuwa mshindwa.

Capablanca hakumla farasi. 16.Re2, shwari. Ikafuata 16...Bg4 17.hxg4 Bh2+ 18.Kf1 Bg3 19.Rxf2 Qh1+ 20.Ke2 Bxf2 21.Bd2. Vumbi likaanza kutua. Fanya hesabu sasa: malkia kwa malkia, askari sita kwa sita, ila weupe wana askofu na farasi mahali ambapo weusi wana ngome moja ya ziada. Hilo ni zuri kwa weupe, ingawa mfalme wao anatembea katikati ya ubao kama mtu aliyetoka nje usiku bila viatu.

21...Bh4 22.Qh3 Rae8+ 23.Kd3 Qf1+ 24.Kc2 Bf2 25.Qf3 Qg1 26.Bd5. Mfalme amefika c2 na huko hakuna wa kumfikia.

Malkia wa weusi sasa yuko g1. Yupo ndani kabisa ya nyumba ya adui, na ukitazama haraka unaweza kudhani anatisha. Fuata hatua zilizobaki: 26...c5 27.dxc5 Bxc5 28.b4 Bd6 29.a4 a5 30.axb5 axb4 31.Ra6 bxc3 32.Nxc3 Bb4 33.b6 Bxc3 34.Bxc3 h6 35.b7 Re3 36.Bxf7+. Tangu hatua ya 25 malkia yule hakusogea hata mraba mmoja. Weupe wanasukuma askari upande wa pili, anaangalia. Askari anafika b7, anaangalia. Mwanzoni weupe ndio waliokuwa na kete zilizolala. Sasa aliyelala ni malkia wa mwenzake. Na zile za weupe? Ngome ya a1 ilitoka nyumbani hatua ya 31 na kutua moja kwa moja a6. Farasi wa b1 alisogea mara ya kwanza hatua ya 32. Amekaa zizini mchezo karibu mzima, na alipotoka alitoka kula.

Mwisho wenyewe ni mtamu. Marshall kwa 35...Re3 anamshambulia malkia wa f3, kwa hiyo weupe hawana muda wa kupumua, kila hatua lazima iwe na cheki. Wanayo. Mfalme akienda h8 baada ya 36.Bxf7+, ngome inakula h6 na ni chekimeti papo hapo: askari wa g7 hawezi kuila kwa kuwa amepigiliwa na askofu wa c3, yaani akisogea mfalme wake anabaki wazi. Ngome ikila f7, askari wa b anakuwa malkia b8 kwa cheki, mfalme anakwenda h7, na tena Rxh6+ inamaliza kazi.

Sasa nirudi kwenye maswali yako.

Kukariri? Hapana, na nina sababu ya aibu kidogo. Mimi niliukariri mchezo huu nikiwa kijana, hatua zote 36, nikawa naweza kuucheza nimefumba macho. Siku moja kwenye mashindano nikapata 8...d5. Nilifurahi mpaka mkono ukatetemeka. Nikala, nikala, na hatua ya 11 mpinzani akacheza c6 badala ya kumrudisha farasi f6. Nikaendelea 12.d4 Bd6 13.Re1 Qh4 14.g3 Qh3, na hapo kichwa kikagota. Farasi wa g4 niliyemkariri yuko wapi? Hakuwepo. Yule farasi alikuwa bado amekaa d5, imara, akilindwa na askari wa c6. Nilifikiri nusu saa nzima kwenye hatua moja, na mwishowe saa ndiyo iliyonishinda kabla ya mpinzani.

Na hilo ndilo ambalo rafiki yako hajakuambia. 11...Nf6 ya mwaka 1918 wachezaji wa juu waliiacha zamani. Marshall mwenyewe baadaye aligeukia 11...c6, na ndiyo inayochezwa hadi leo. Spassky aliitegemea Marshall dhidi ya Tal kwenye fainali ya wagombea (ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia) ya 1965 pale Tbilisi, na Tal, mtu aliyeishi kwa mashambulizi, hakupata njia ya kuivunja. Mwaka 2004 huko Brissago, Uswisi, Kramnik akitetea taji la dunia aliingia kwenye mstari ulioandaliwa na timu yake kwa msaada wa kompyuta, dhidi ya Marshall hiyo hiyo. Mpinzani wake, Leko, alipata ubaoni hatua 25...Qd3 ambayo maandalizi yale hayakuiona vizuri, akashinda mchezo wa nane. Kama maandalizi ya bingwa wa dunia yalivuja, wewe na mimi tusijidanganye kwa kukariri mchezo mmoja wa 1918.

Kuacha Kihispania? Hapana tena. Una njia mbili za heshima.

Ya kwanza ni kumkwepa. Shambulizi la Marshall linahitaji wewe ucheze 8.c3, hatua isiyotishia kitu na inayomnyima farasi wako mraba wake. Usiicheze bado. Cheza 8.a4: askari wa b5 anaguswa, na ngome ya a1, ile ya kulala, tayari ina kazi. Kasparov alifanya hivyo dhidi ya Short mwaka 1993 London, walipokuwa wakigombea taji la dunia, na hakuna aliyemwita mwoga. 8.h3 nayo ni nzuri, ukifuatiza d3 na kujenga taratibu. Kwa mtu wa kiwango chako, mwenye kazi na familia, ningekupa 8.a4 na jioni mbili za kuizoea, basi.

Ya pili ni kuingia vitani ukijua unachonunua. Ukiamua hivyo, weka sheria moja ya nyumbani: ukishamla yule askari wa e5, usile kingine chochote mpaka d4 iwe imechezwa na angalau kete mbili za upande wa malkia zimepata njia ya kutoka. Ni sheria ya mkono tu, haitakuokoa kila mara. Mchezo wako wa duru ya tatu ingeuokoa.

Kuhusu hadithi ya Marshall na siri yake ya miaka tisa, naipenda, ila siiamini. Inasemwa kwamba Capablanca alipomchapa kwenye pambano lao la 1909, ushindi 8 kwa 1 na sare 14, Marshall alijifungia na kupika sumu hii ya kulipiza kisasi. Tatizo ni kwamba kafara ya d5 ilishaonekana Havana mwaka 1893, na Marshall mwenyewe aliicheza dhidi ya mchezaji mwingine mwaka 1917. Mtu mwenye siri ya miaka tisa haitoi mwaka mmoja kabla kwa mpita njia. Lakini kwamba siku ile aliiandaa na Capablanca alikutana nayo akiwa hajaandaa lolote, hilo halina ubishi. Capablanca aliandika baadaye kuwa kabla ya kula alifikiri kidogo, akijua kwamba shambulizi kali linakuja na mwenzake anaijua kila njia yake. Akala hivyo hivyo. Kumbuka pia alikuwa mtu gani: alipoteza mchezo mwaka 1916, na hakupoteza mwingine hadi Réti alipomshinda mwaka 1924 New York. Ukiwa na mshipa wa namna hiyo unaweza kukubali mialiko ambayo wengine wetu tungeikataa kwa adabu.

Kazi ya wiki hii, basi. Panga ubao baada ya 13...Ng4, chukua weupe, mwombe rafiki yako akae upande wa weusi, dakika kumi kila mmoja. Chezeni mara tano bila kufungua kitabu. Baada ya kila mchezo andika namba ya hatua ambayo ngome yako ya a1 ilisogea kwa mara ya kwanza. Kisha pangeni upya baada ya 26.Bd5, mbadilishane viti, na sasa wewe uwe Marshall: jaribu kumtoa yule malkia g1. Nitumie karatasi zote.